Usimtume Mtoto Sigara

"Mangi, baba kasema nipe sigara mbili na kiberiti."

Anayesema hivyo ana miaka kumi na mmoja. Kichwa chake ndiyo kwanza kinafikia nondo za dirisha la duka, na sarafu zimemlowa jasho mkononi. Mangi, mwenye duka, hana maswali. Anachomoa sigara mbili kwenye pakiti iliyokwisha kufunguliwa, anazizungushia kipande cha gazeti, na badala ya chenji anatoa pipi. Mtoto anakimbia nyumbani baba asije akafoka. Jioni kama hiyo ipo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, na haimshangazi mtu.

Mzazi ukimuuliza mwanawe atajifunzia wapi sigara na pombe, atataja kijiwe, marafiki wabaya, simu, labda shule ya bweni. Ni nadra kutaja safari ya dukani. Ila safari hiyo imekwisha kumfunza mtoto mambo matatu: bei ya sigara anaijua, anajua nani anauza moja moja, na anajua kwamba akisema "nimetumwa" hakuna atakayemzuia. Hilo la tatu ndilo litakalomfaa siku atakapotaka kununua ya kwake. Mangi hawezi kutofautisha mtoto aliyetumwa leo na mtoto anayejituma kesho.

Kisheria, duka lile limekosea. Tanzania ina Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria ya tumbaku ya 2007 na ile ya vileo ya 2010. Zote zinamlinda mtoto wa chini ya miaka 18 asiuziwe vitu hivi. Sheria ya Kenya haitaki hata sigara iuzwe moja moja. Kusema kweli, askari hatakaa kwenye kila genge kusubiri mtoto aje. Anayeweza kuifanya sheria hiyo ifanye kazi mtaani kwako ni wewe na Mangi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama. Kuanzia leo, mtoto wako asitumwe sigara, wala bia, wala kiberiti cha kuwashia sigara. Ukiitaka, vaa ndala uende mwenyewe. Kisha siku moja pita dukani peke yako, useme wazi: "Mangi, watoto wangu siwatumi tena sigara wala pombe. Akija mmoja akasema nimemtuma, anadanganya. Usimpe, nipigie simu." Wenye maduka wengi ni wazazi, na mteja anayelipa deni lake husikilizwa. Mwambie na mama anayeuza vinywaji barazani, na kijana wa banda la video. Wakishafika wazazi watano waliosema hivyo kwenye mtaa mmoja, neno "nimetumwa" limekwisha nguvu.

Kutuma hakuishii dukani. Vijijini na hata mjini, babu aliyekaa kibarazani humwita mjukuu: "Niwashie hii jikoni." Mtoto anachukua sigara, anaigusisha kwenye kaa la moto, na ili isizime njiani anaivuta kidogo. Pafu la kwanza la maisha yake limeingia hivyo, mbele ya watu wazima, huku akisifiwa kwa utiifu. Wageni wakija na bia, mtoto ndiye anayefungua chupa, anayemimina, na baadaye anayekusanya glasi zenye mabaki ya vidole viwili chini. Mabaki hayo yanaonjwa njiani kati ya sebule na karo, wala hapo usitafute ujanja wa mtoto. Ni udadisi tu. Acha mtoto apeleke soda, karanga na maji ya kunawa. Chupa na glasi za pombe zishikwe na watu wazima, na mabaki yamwagwe kabla glasi hazijaondoka mezani.

Mtu atasema nahangaika na vitu vidogo. Lakini suala zima katika umri huu ni kuchelewesha. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka ishirini na kitu, na nikotini hushika haraka zaidi katika ubongo ambao bado unajijenga. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi wanaovuta sigara kila siku walianza kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa maneno mengine, mtoto akivushwa salama hadi miaka 18, uwezekano wa kuja kuwa mvutaji unabaki mdogo sana. Kazi ya mzazi inaanza mapema kuliko wengi tunavyodhani: uchunguzi wa mwaka 2013 katika shule za Kenya ulikuta takriban mwanafunzi mmoja kati ya kumi, wa miaka 13 hadi 15, akitumia tumbaku ya aina fulani. Hao walikuwa watoto wa darasa la saba hadi kidato cha pili.

Sasa tuje kwenye pombe, ambako wazazi tunajidanganya zaidi. Kuna fikra iliyoenea, hasa kwa wenye uwezo, kwamba bora mtoto aonjee nyumbani chini ya macho yangu kuliko akajifunzie uchochoroni. Inasikika kama busara. Watafiti wa Australia waliifuatilia kwa miaka sita, kuanzia 2010 hadi 2016, kwa vijana wapatao 1,900 na wazazi wao, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Vijana waliopewa pombe na wazazi hawakulindwa na chochote. Badala yake walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kunywa kupita kiasi na kupata madhara, na hata kuipata pombe kwa watu wengine nje ya nyumba. Ruhusa ya nyumbani mtoto huibeba hadi nje.

Najua jambo hili ni gumu pale ambapo pombe ni sehemu ya mila. Kilimanjaro, mbege ina nafasi yake kwenye posa, msiba na usuluhishi. Iringa, ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu na mwepesi, na mama hampi mwanawe kwa nia mbaya. Tatizo ni kwamba ulanzi hausubiri, kila saa inayopita unazidi kuchacha, na wa jana si wa leo. Mnazi wa pwani nao ni vilevile. Sishauri mtu aache mila za kwao. Nashauri nyumba iwe na mpaka unaoeleweka: watoto wanakunywa togwa, soda au maji, na hakuna "kidogo tu kwa sababu ni sherehe." Mtoto anakuwepo kwenye shughuli, anaona kibuyu kinavyozunguka kwa wazee, anajua ni cha wazee. Mila haijapungukiwa kitu.

Penye sherehe, anayevunja mpaka mara nyingi ni mtu anayempenda mtoto kweli: mjomba. Ni kipaimara cha binti au ubarikio wa kijana, kreti zimepangwa chini ya mwembe, muziki umepamba moto, na mjomba anamvuta mpwa wake pembeni aonje "awe mwanaume." Ukimkemea mbele za watu umemvunjia heshima na shughuli imeharibika. Zungumza naye kabla. Mama mmoja anaweza kusema hivi kwa kaka yake, asubuhi ya siku ile:

"Shikamoo kaka. Nina ombi kabla watu hawajafika. Mpwa wako leo asionje bia, hata tone. Mimi akinisikia namkataza ataona ni kelele za mama. Wewe anakuheshimu. Naomba meza ya vijana iwe chini yako."

Mjomba aliyepewa meza ya kuilinda hawezi tena kuwa ndiye anayeiharibu. Na meza hiyo iwekwe mbali na kreti, siyo nyuma ya jenereta gizani. Nimeona sherehe zenye kamati ya chakula, ya mapambo, ya usafiri na ya muziki, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyepewa jukumu la kuangalia watoto wa miaka kumi na mbili wanafanya nini saa tatu usiku, watu wazima wakiwa wameshachangamka. Kikao cha maandalizi kinachokaa wiki sita kinaweza kumpata mtu huyo.

Disko toto za Idi na Krismasi zinahitaji swali moja tu kabla hujatoa hela ya kiingilio: ukumbi ule, jioni kaunta yake inauza nini?

Kuna kipindi kimoja cha maisha ya mtoto wa Kitanzania ambacho ningeomba kila familia ikitie kwenye kalenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo kuna takriban miezi minne ambapo mtoto wa miaka 13 au 14 ameambiwa amemaliza shule, hana daftari wala kengele, amevua sare, na anajiona mkubwa. Wazazi wako kazini au sokoni. Kaka wa mtaani waliomaliza kidato cha nne na hawana kazi wako kijiweni, na wanamkaribisha kwa mara ya kwanza kama mwenzao. Sijui wakati mwingine wowote ambao mtoto huwa peke yake hivyo, na mzazi huwa ametulia hivyo, akiamini kazi imekwisha.

Miezi hiyo ipangwe tangu Agosti. Wenye uwezo hupeleka watoto kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, na ni vizuri, lakini hayo huchukua asubuhi tu, na si kila mtu atamudu ada. Fundi cherehani, fundi baiskeli, duka la shangazi, shamba la babu wakati wa kujiandaa kwa mvua za vuli, timu ya mpira yenye kocha anayekuja kweli, kwaya, madrasa: chochote chenye mtu mzima anayejua mtoto akikosekana. Hicho ndicho kipimo changu. Mazoezi ya mpira ambayo hakuna anayeuliza "mbona jana hukuja?" hayamlindi mtoto na chochote.

Wazo hili lina ushahidi kutoka mbali. Mwaka 1998, nchini Iceland, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliopita, na asilimia 23 walivuta sigara kila siku. Kufikia 2016, waliolewa walikuwa asilimia 5 na wavutaji asilimia 3. Hawakufika huko kwa mabango ya kutisha. Wazazi wa darasa moja walikaa pamoja wakatia saini makubaliano: watoto wasiwe nje baada ya saa fulani, hakuna sherehe ya vijana isiyo na mtu mzima, hakuna mzazi atakayemnunulia mtoto pombe, hata wa mwenziwe. Saa za watoto kuwa nyumbani ziliwekwa hadi kwenye sheria. Na mji mkuu wao, Reykjavik, ulitoa fedha kwa kila mtoto za kulipia michezo na sanaa. Nchi hiyo ni tajiri na ina watu wachache, basi fedha zile hatunazo. Makubaliano ya wazazi, hata hivyo, hayadai fedha. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la sita lililojaa picha za maua na "asubuhi njema" linaweza kubeba mambo matatu: saa ya kurudi nyumbani, sherehe zenye msimamizi, na ruhusa ya kila mzazi kumrudisha mtoto wa mwenzake akimkuta mahali pasipomfaa. Zamani ruhusa hiyo haikuhitaji kuandikwa. Siku hizi, jirani akimsema mtoto wako unaweza kumfuata kwa ugomvi, kwa hiyo iandikeni.

Kuhusu maneno ya kumwambia mtoto, nina shaka na hotuba. Kuanzia 1983, Marekani ilipeleka polisi madarasani kuwahubiria watoto madhara ya dawa za kulevya, mpango uliojulikana kama DARE, na tathmini moja baada ya nyingine zikaonyesha kwamba watoto waliohubiriwa hawakutofautiana sana na wasiohubiriwa. Picha ya pafu jeusi inamtisha mtoto siku moja. Saratani ya uzeeni kwake ni habari ya watu wengine, maana hata miaka 25 anaiona mbali.

Zungumza naye mambo ya mwaka huu. Kwamba mchezaji anayevuta anahema dakika ya ishirini. Kwamba harufu haitoki kwa pipi ya mnanaa. Kwamba nikotini haitamwomba ruhusa, na wale kaka wa kijiweni wanaosema "naacha nikitaka" wamekuwa wakitaka tangu mwaka juzi. Kaa naye mpige hesabu: shilingi 500 kwa siku ni 15,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya 180,000. Mwache aseme mwenyewe angenunua nini. Tena mwonyeshe ni nani anayezipokea. Miaka ya mwanzo ya 2010, jezi za Simba na za Yanga zote zilikuwa na nembo ya bia moja. Mtoto wa miaka kumi alivaa tangazo kifuani akidhani anaishangilia timu. Watoto wa umri huu huchukia sana kuchezewa akili. Akiona kwamba kuna kampuni inayomhesabu kama mteja wa baadaye, ubishi wake unapata mahali pazuri pa kwenda.

Halafu mfanyie mazoezi ya kukataa. Wazazi wengi tunasema "kataa" na kuishia hapo, kana kwamba kukataa mbele ya rafiki watano ni jambo la kuzaliwa nalo. Mkiwa mnachambua mboga au mnaosha gari, wewe kuwa kaka wa kijiweni:

"Oya dogo, piga pafu moja."

"Sipigi."

"Acha ushamba wewe."

"Mshua ananinusa kila nikiingia ndani. Nikinuka nimekwisha."

Jibu la mwisho ni zuri kwa sababu linakutupia wewe lawama, na mtoto anabaki na heshima yake. Mruhusu akufanye mkali. Ila lazima liwe kweli: akirudi, msogelee, msalimie kwa karibu, mshike bega, uliza habari za alikotoka. Mtoto anayejua mama yuko macho na atasalimiwa kwa karibu ana sababu ya kweli ya kusema hapana. Kubalianeni pia kwamba popote atakapojikuta pabaya, apande bodaboda aje, hela utalipa mlangoni, na maswali yatasubiri asubuhi. Asubuhi yaulize kweli, lakini kwa sauti ya kawaida.

Nyumba ambazo dini yake hairuhusu pombe zisijione ziko salama. Humo mara nyingi mazungumzo hayafanyiki kabisa, kwa sababu "kwetu hakuna." Shisha huingia kwa mlango huo, ikiwa na harufu ya tufaha na sura ya uungwana. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Tanzania iliipiga marufuku 2016, Kenya na Rwanda zikafuata mwishoni mwa 2017, na bado moshi wake haujakatika mijini. Kuna ugoro, kuna kuberi, tumbaku iliyofungwa kama kiburudisho cha kinywa, kuna vifuko vidogo vyeupe vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo ambavyo havitoi moshi wala harufu, na sigara za kielektroniki zenye umbo la kalamu. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, viliondolewa madukani Tanzania tarehe 1 Machi 2017, na chupa ndogo za plastiki zikachukua nafasi mfukoni. Mzazi avijue kwa sura. Pua peke yake haitoshi tena.

Na kama wewe mwenyewe unavuta au unakunywa? Bado una haki ya kumkataza. Usivutie ndani ya nyumba wala ya gari, usirudi umelewa ukamwamsha akufungulie geti, na usijifiche msalani kana kwamba hajui. Mwambie ulianza lini na imekugharimu nini. Ukijaribu kuacha, aone unavyohangaika. Hakuna somo la nikotini lililo wazi kuliko baba anayezunguka uani siku ya tatu bila sigara.

Siku utakapokuta kitu mfukoni mwa kaptula unapofua, subiri hasira ishuke kwanza. Viboko humfunza mtoto kuficha vizuri zaidi, na wewe unahitaji habari. "Nimekuta hii. Sikupigi. Nataka kujua imetoka wapi, na ulikuwa na nani." Mara moja kwa udadisi siyo sawa na kila Ijumaa. Ukigundua ni mazoea, ikiwa masomo yameporomoka, hela ndogo ndogo zinapotea na marafiki wote wamebadilika, usibaki nalo peke yako: shirikisha shangazi au bibi anayetaniana naye, mwalimu wa malezi, kituo cha afya. Simu ya Mtoto namba 116 ni ya bure Tanzania na Kenya, na Kenya ina pia 1192 ya NACADA, mamlaka yake ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Akiletwa nyumbani amelewa, habari ni nyingine. Mwili wa mtoto wa miaka 13 huzidiwa na kiasi ambacho mtu mzima angekiona kidogo. Mlaze ubavu, asije akasongwa na matapishi. Usimlazimishe kutapika, usimpe kahawa, usimwagie maji ya baridi, wala usimwache peke yake chumbani eti alale itamtoka. Kama haamki ukimfinya, anapumua polepole au kwa kusitasita, midomo imekuwa ya bluu, mwili umepoa au anapata degedege, mpeleke hospitali sasa hivi. Kama alikunywa gongo na keshoye anaona ukungu machoni au kichwa kinamuuma sana, mpeleke pia, hata kama ulevi umeisha. Huenda ilikuwa na methanoli, nayo huua macho kabla ya kuua mtu. Beba chupa au kopo alilonywea, na mwambie daktari bila kuona aibu alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.